Goma: Kwa nini mtu wa radio hamalizi kusoma

Wasikilizaji wengi wanatuuliza swali moja: "Ninyi mko ku mikro miaka kumi, mbona kila mara mko katika formasyo? Bado hamjajua kazi?" Wengine wanasema tunafuata pesa ya usafiri. Tusidanganyane, hiyo nayo iko. Lakini kuna sababu kubwa kuliko hiyo, na inagusa usalama wenu ninyi mnaotusikiliza.

Watu wa radio wanatoka wapi?

Shule kubwa ya uandishi wa habari, ile iliyoitwa IFASIC na sasa inaitwa UNISIC, iko Kinshasa. Kutoka Goma ni zaidi ya kilomita 1,500. Wengi wetu katika radio za jamii tulipata diploma ya serikali, tukaingia radio kujifunza, wakubwa wetu wakatuonyesha namna ya kushika mikro, kuandika habari fupi na kukata sauti. Mimi pia ni mmoja wao. Hiyo inatosha kwa kuanza. Kwa kuendelea, haitoshi.

Kila shida inaleta somo lake

Mwezi wa saba 2019, mgonjwa wa kwanza wa Ebola alithibitishwa Goma. Siku zile mimi mwenyewe nilisoma habari nikachanganya "wanaoshukiwa" na "waliothibitishwa". Kwenye karatasi ni maneno mawili tu. Lakini mama mmoja alipiga simu akauliza kama bado anaweza kupeleka mtoto mwenye homa ku santre ya afya. Habari yangu ndiyo ilimtia woga. Baadaye, katika formasyo ya siku chache, daktari alitueleza: anayeshukiwa ana dalili na anasubiri majibu ya labo, aliyethibitishwa, labo imeshasema. Tangu siku ile sisomi hesabu ya wagonjwa bila kuuliza kwanza ni wa aina gani.

Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ililipuka. Lava ilifika karibu na uwanja wa ndege, kisha ardhi ikatetemeka siku nyingi. Tarehe 27, gavana akaamuru kartie 10 kati ya 18 za muji zihame. Wakati ule sauti za WhatsApp zilizunguka zikisema ziwa litalipuka usiku huohuo. Ni kweli Ziwa Kivu lina gesi ya metani na kaboni dioksidi nyingi, lakini ziko chini sana, zimeyeyuka ndani ya maji. Mwanahabari aliyefundishwa jambo hili anajua la kumuuliza mtaalamu wa OVG: gesi iko kina gani? Nini inaweza kuiamsha? Leo mmeona alama gani? Yule asiyefundishwa anarudia tu ile sauti ya WhatsApp, na watu wanakimbia na watoto mgongoni bila kujua wanakimbilia wapi.

Mwaka 2024 ikaja mpox, mpaka katika kambi za wakimbizi kando ya muji. Tukaanza tena: inatofautiana vipi na tetekuwanga? Inaambukiza namna gani?

Sheria nayo inabadilika

Wengi tulifundishwa sheria ya vyombo vya habari ya 1996. Tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, sheria mpya ilichukua nafasi yake. Siku hiyohiyo kukatoka pia kode ya mambo ya kidijitali, inayoadhibu, hata kwa kifungo, kusambaza habari za uongo kwenye mitandao. Siku hizi kila radio iko na ukurasa wa Facebook. Asiyejua hiyo anaweza kujitia hatarini kwa kubonyeza mara moja tu.

Kinachokwamisha

Formasyo nyingi zinafuata mradi. Shida ikija, walimu wanakuja. Mradi ukiisha, wanaenda. Mara nyingi shefu njo anatumwa, siyo kijana anayesoma habari saa kumi na mbili asubuhi. Breveti inawekwa kwenye droo. Tena tangu vita ya mwezi wa kwanza 2025, uwanja wa ndege ukafungwa, mabanki pia, na mwalimu kutoka mbali hafiki kwa urahisi.

Tunaweza kufanya nini wenyewe?

Kuna mambo yasiyongoja mfadhili. La kwanza: anayetoka formasyo awafundishe wenzake wiki hiyohiyo, na vitendo, siyo kusoma karatasi. La pili: mara moja kwa wiki, redaksyo ikae isikilize habari zake yenyewe na kuuliza: nani alituambia hii? Tulihakikisha wapi? La tatu: kuwa na daftari la maneno magumu, ya afya, ya volkano na ya sheria, yaliyotafsiriwa pamoja na wataalamu, ili wote tuseme namna moja. La ine: kabla ya kupeleka hewani sauti iliyokuja kwa simu, tutafute angalau watu wawili wasiojuana wanaothibitisha.

Na ninyi wasikilizaji, mkisikia tumekosea, mtupigie simu mtuambie. Yule mama wa 2019 hakuwa mwalimu wa uandishi wa habari, lakini swali lake lilinifundisha kazi.