Mota isiyotaka kuzima kwenye mashine za zamani za pinboli

Pinboli ni mchezo wa kurusha gololi ya chuma kwenye meza yenye mteremko, iliyofunikwa kioo. Gololi ikigonga shabaha, unapata pointi. Kabla kompyuta haijaingia mwishoni mwa miaka ya 1970, mashine hizi, nyingi zikitoka kwa Gottlieb, Williams na Bally za Chicago, Marekani, zilihesabu kwa mota moja ndogo, rilei na swichi tele.

Mota hiyo haizunguki muda wote. Inazungusha sahani zenye mabonde pembeni, na mabonde ndiyo yanayofungua na kufunga swichi. Ukipata pointi 50, gurudumu la namba linasukumwa mara 5, kisha mota inasimama. Mchezo mpya ukianza, mota inarudisha magurudumu yote kwenye sifuri.

Sasa mtu anawasha mashine, mota inaunguruma bila kukoma. Anataka kuing'oa atafute nyingine, na hizo si rahisi kupata. Asubiri kwanza! Kila gurudumu lina swichi yake ya sifuri. Moja likikwama kwa grisi iliyoganda, au swichi yake ikipinda, mashine inadhani kazi haijaisha na mota inaendelea kuamriwa izunguke. Mota inatii tu. Tazama namba: gurudumu linalokataa kufika sifuri ndilo la kuanza nalo. Kama yote yako sifuri na bado inazunguka, tafuta rilei iliyonasa.

Ikiwa mota haizunguki kabisa, chomoa waya ukutani. Kuzima mchezo hakutoshi, kwa kuwa mashine nyingi hubaki na umeme kwenye transfoma. Kisha izungushe kwa mkono, ikifuata upande wake wa kawaida. Ikiwa nzito, grisi ya zamani imekuwa gundi: isafishe, weka tone la mafuta mepesi. Ikiwa nyepesi, kagua fyuzi, nyaya na swichi chafu.

Swichi zisitiwe mafuta, maana yanakusanya vumbi. Sugua ncha zake taratibu kwa tupa laini sana. Msasa mkali unazila.

Mashine za Marekani hutumia volti 120. Kuichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 230 ni kuunguza transfoma. Na kabla ya kukunja swichi yoyote, ipige picha kwa simu, maana zinafanana mno.