Ndege wa Uani na Picha Zao

Wengi hudhani ya kuwa mtu apendaye kutazama ndege wa porini sharti asafiri mpaka Virunga au Garamba. Sisi tulianza mlangoni pa jikoni. Hapo, kila asubuhi, chozi huja kunyonya utamu wa maua ya mgomba. Na shore, yule ndege wa rangi ya udongo mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, huja kuoga katika maji yaliyomwagika kando ya pipa. Twapita karibu nao kwenda kazini, nao waendelea na shughuli zao.

Kuwatazama ni rahisi. Kuwapiga picha ndiko kulikotutia katika kosa, nasi hatuna budi kuliungama.

Mwaka mmoja shore wawili walijenga kiota katika mlimau nyuma ya nyumba, wakaangua vifaranga watatu. Tulitamani sana picha yao. Lakini majani yalisongamana, na kila picha ilitoka giza tupu. Basi tukachukua kisu, tukakata vitawi vitatu au vinne. Mwanga ukaingia, tukapata picha nzuri kuliko zote tulizopata kupiga: midomo mitatu wazi, ikingoja chakula. Jioni ile tuliwaonyesha majirani wote. Kesho yake kunguru alikuwa ameketi juu ya mlimau, na kiota kilikuwa kitupu. Wazazi walizunguka mti wakilia hata adhuhuri. Mtoto wa nyumbani akatuuliza kwa nini tulimfungulia kunguru mlango. Tulinyamaza.

Majani tuliyoyaona kuwa kizuizi yalikuwa paa na ukuta wa nyumba yao. Tena, hata asiyekata jani lolote, akikiendea kiota mara kwa mara huwafukuza wazazi. Nao vifaranga wasio na manyoya bado hupigwa na jua au baridi.

Taabu ya kumkaribia ndege pasipo kumtisha si ya leo. Ndugu wawili Waingereza, Richard na Cherry Kearton, wana wa mashamba ya Yorkshire, walishindana nayo miaka mingi. Mwaka 1892 Cherry alipiga picha ya kiota chenye mayai, na mwaka 1895 picha zao zikajaza kitabu kizima cha viota vya ndege wa Uingereza. Kamera za siku zile zilikuwa nzito, zenye vioo ndani yake, na mpigaji alipaswa kuwa karibu sana. Hivyo mwaka 1900 walitengeneza maksai wa bandia: ngozi ya kweli juu ya kiunzi chepesi cha mbao, ndani wazi, na tundu la kupitishia jicho la kamera. Mtu alisimama tumboni mwa maksai akingoja, mgongo ukimwuma. Siku moja Richard alizimia humo ndani, na maksai akaanguka miguu juu!

Sisi hatuhitaji maksai, kwa maana tuna dirisha. Twaketi ndani ya chumba chenye giza, pazia limefungwa kasoro upenyo mdogo, simu imeegemezwa juu ya kizingiti ili isitikisike. Jua la asubuhi na liwe nyuma yetu. Kisha twangoja, watoto hujifunza jambo hili upesi kuliko wakubwa.

Kwa namna hiyo tumemfahamu mnana wa mchikichi wa jirani. Dume, mwenye manjano na kichwa cheusi, huchana nyuzi za majani, hufuma kiota kwa mdomo, kisha hujining'iniza chini yake kichwa chini akipigapiga mabawa, amwite jike aje kukagua. Jike huingia, huvutavuta nyuzi, na mara nyingi huenda zake. Kiota kisipokubaliwa mpaka kikakauka, dume mwenyewe hukibomoa na kufuma kingine kibichi. Tulimpiga picha mmoja katikati ya kubomoa, uzi mkavu mdomoni. Tungalikuwa chini ya mti, tusingalimwona.

Safari hii shore wamerudi katika mlimau. Matawi yamekwisha kuota tena, mazito kuliko zamani. Tumekataza watu wasianike nguo upande ule, na sisi wenyewe hatujaenda kuhesabu mayai. Picha tuliyo nayo ilipigwa dirishani: yaonyesha majani mengi ya mlimau, na katikati yake ncha ya mkia.