Kuzitambua Prosesa Zisizo na Kazi

Kazi iliyokuwa ikisubiri data kutoka kwenye diski huamka data inapowasili, na papo hapo kipangaji cha mfumo endeshi huamua ni prosesa ipi iiendeshe. Inayofaa zaidi ni ile isiyo na kazi, kwa kuwa haina foleni. Ugumu ni kuipata upesi.

Mara nyingi Linux huanza na prosesa iliyoiendesha kazi hiyo mara ya mwisho, kwani huenda data yake bado imo katika kashe, yaani hifadhi ndogo ya kasi iliyo karibu na prosesa. Ikiwa na shughuli, upekuzi huhamia kwa prosesa zinazotumia pamoja kashe ya ngazi ya mwisho, moja baada ya nyingine. Zikiwa 4 si tatizo. Zikiwa makumi, tena nyingi zina shughuli, kupekua kwaweza kuchukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Ndiyo maana toleo la 6.0 la mwaka 2022 hupunguza idadi ya prosesa zinazokaguliwa kadiri mzigo unavyoongezeka. Gharama hushuka, lakini prosesa iliyo huru yaweza kupitwa huku kazi ikipangwa foleni kwingine.

Njia nyingine ni kuweka kumbukumbu: ramani yenye biti moja kwa kila prosesa. Prosesa ikiishiwa kazi huiwasha biti yake. Ikipata kazi, biti huzimwa. Hali ya prosesa 64 huenea katika namba moja ya biti 64, na biti iliyowashwa hupatikana mara moja bila kuzizungukia zote.

Tatizo huhamia kwenye uandishi. Katika prosesa nyingi za leo kashe hupokea data kwa mafungu ya baiti 64, na prosesa moja ikiandika ndani ya fungu, nakala zilizo katika kashe za wenzake hubatilika. Prosesa zinazolala na kuamka maelfu ya mara kwa sekunde hunyang'anyana fungu hilohilo, na faida yote ikayeyuka. Dawa ya kwanza ni kila kundi la prosesa zenye kashe ya pamoja kuwa na ramani yake. Ya pili, iliyo ya busara zaidi, ni kuchelewesha kuizima biti: ramani iliyopitwa na wakati kidogo haidhuru, mradi kipangaji kihakikishe kwamba prosesa iko huru kabla ya kuikabidhi kazi.

Mfumo wa sched_ext, ulioingia katika Linux 6.12 mwaka 2024, hutunza ramani mbili: ya prosesa zilizo huru, na ya viini ambavyo prosesa zake zote, yaani nyuzi zake, ziko huru, kwa sababu nyuzi mbili za kiini kimoja hugawana nguvu zake. Kipangaji kinapochagua prosesa husoma na kuzima biti yake kwa tendo moja lisilogawanyika, hivyo kazi mbili zinazoamka pamoja haziangukii prosesa moja.