Arnis: Ufilipino yaanza na fimbo, ngumi baadaye

KATIKA michezo mingi ya kujihami, mwanafunzi huanza na ngumi na mateke, silaha zikafuata baadaye. Nchini Ufilipino utaratibu ni kinyume. Katika arnis, ambayo pia huitwa eskrima au kali, mwanafunzi hukabidhiwa fimbo tangu mwanzo.

Fimbo hiyo ya henzirani huwa na urefu wa sentimita 70 hivi. Wakufunzi huanza nayo kwa sababu mwendo wa mkono ni ule ule: pigo linaloshuka kutoka kulia kwa fimbo, hushuka vivyo hivyo kwa kisu au kwa mkono mtupu.

Mapigo hufundishwa kwa namba, kulingana na upande yanakotokea. Mifumo mingi ina mapigo 12.

Hufuata zoezi la sinawali. Wachezaji wawili hukabiliana, kila mmoja akiwa na fimbo mbili, wakizigonganisha kwa mpangilio maalumu. Jina hilo latokana na sawali, ukuta wa mianzi iliyosukwa.

Hata hivyo, mpangilio ukizoeleka sana, zoezi hugeuka ngoma. Kwa hiyo mkufunzi huuvunja ghafla kwa pigo lisilotarajiwa, mara nyingi likilenga mkono ulioshika silaha. Anayechelewa huumia vidole; katika pambano la kweli, angepoteza silaha yenyewe.

Arnis ilitangazwa kuwa mchezo wa taifa la Ufilipino kwa Sheria Namba 9850 ya mwaka 2009.