Ziwa Michaelson na Kilele cha Lenana: Mwanapwani Apandapo Mlima

Sisi tuliozaliwa ufukweni hatukuzoea baridi kali wala hewa haba. Kwa hiyo familia itakayo kuuona Mlima Kenya yafaa iuendee taratibu. Njia ya Chogoria, upande wa mashariki, hupitia karibu na Ziwa Ellis, kisha hufuata ukingo wa bonde la Gorges. Chini kabisa, baina ya magenge, limetulia Ziwa Michaelson. Wako watosheka hapo, wala hawajapungukiwa na kitu.

Atakaye zaidi huelekea Lenana, mita 4,985, kilele kifikiwacho kwa miguu bila kamba. Batian na Nelion ni vya wakwezi wa majabali.

Hatari iliyofichika ni maradhi ya mwinuko, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Kichwa kikiuma na moyo ukichafuka, mtu asipande tena. Akipepesuka, akichanganyikiwa, au akitweta hali amekaa, ateremshwe papo hapo, hata usiku wa manane. Vijana huona haya kusema. Basi mama, usingoje kuambiwa, muulize mwanao. Kilele hakihami, lakini roho haina badali.