Mwenda na Masengo: Gitaa la Katanga lililosafiri na biashara

NCHELENGE, Zambia

MFANYABIASHARA anayefika Mantapala kwa mara ya kwanza akitokea Tanzania au Kenya hushangazwa na jambo moja mapema: lugha. Yuko ndani ya Zambia, katika Mkoa wa Luapula, ambako sokoni watu huongea Kibemba na karatasi za ofisini huandikwa kwa Kiingereza. Lakini katika makazi haya ya wakimbizi anaweza kutajiwa bei kwa Kiswahili. Ni Kiswahili cha Katanga, ambacho watoto ni “batoto”, na mgeni wa kutoka pwani huenda akaomba arudiwe neno mara mbili. Hata hivyo wanaelewana, na pesa inabadilishana mikono.

Mantapala ilifunguliwa mwanzoni mwa mwaka 2018 wilayani Nchelenge ili kupokea Wakongo waliokuwa wakikimbia mapigano katika mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika tangu Agosti 2017. Wengi walipitia kwanza kituo cha muda cha Kenani. Familia zilipewa viwanja vya kujenga na ardhi ya kulima, na huduma kama shule na zahanati zilipangwa zitumiwe na wakimbizi pamoja na wenyeji.

Waliovuka walibeba walichoweza. Godoro linaweza kuachwa njiani, na mbuzi anaweza kuuzwa kwa bei ya kutupa. Lugha na nyimbo zake hufika na mwenyewe. Nyimbo za Kiswahili za Katanga zina wazee wake, na wawili kati yao walikuwa marafiki walioanza wakiwa vijana, wakatoka nje ya nchi, wakapata jina, kisha wakaishi muda wa kutosha kuzirudia kazi zao za mwanzo wakiwa watu wazima. Ni Mwenda Jean Bosco, aliyejulikana pia kama Mwenda wa Bayeke, na Edouard Masengo, anayetajwa na wengi kuwa binamu yake.

Mtoto wa njia ya msafara

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, ng’ambo ya Ziwa Mweru, ndani kabisa ya Katanga. Mji huo wenyewe ni matunda ya biashara ya kuvuka mipaka. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kinyamwezi walitoka upande wa Tabora ya leo wakifuata shaba na pembe za ndovu, wakipita katika nchi ya Mwata Kazembe, kusini mwa Nchelenge. Mmoja wao, Msiri, hakurudi. Alijenga utawala wake Bunkeya, na watu wake wakaitwa Bayeke. Aliuawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, lakini jina la Bayeke lilibaki, na Kiswahili cha misafara nacho kikabaki.

Kwa hiyo kijana aliyekuja kuimba kwa Kiswahili kwenye migodi ya Katanga hakuwa ameazima lugha ya watu wa mbali. Ilikuwa imefika kwao na wafanyabiashara, kisha ikawa lugha ya kazi, ambayo mtu wa Kasai, wa Luapula na wa Tanganyika waliokutana mgodini waliweza kuitumia bila mkalimani.

Samaki wa Mweru, muziki wa migodini

Miji ya migodi ilihitaji chakula, na sehemu kubwa ya kitoweo chake ilitoka katika ziwa hili na Mto Luapula. Wafanyabiashara wa Kigiriki waliweka kituo Kasenga, wakanunua samaki kutoka kwa wavuvi wa pande zote mbili na kuwapeleka Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Watu wa Luapula nao walivuka kwenda kutafuta kazi huko. Samaki walikwenda mjini, na waliorudi walileta mishahara, nguo, baiskeli, na nyimbo mpya midomoni.

Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka kusini na kati ya Afrika akirekodi muziki, alimkuta Mwenda mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, sasa Likasi. Kijana alikuwa na umri wa miaka 20 na ushei. Miongoni mwa nyimbo alizorekodi ni “Masanga”. Mwenda aliupiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, lakini msikilizaji angeapa kwamba magitaa ni mawili: moja likishika mwendo, jingine likicheza juu yake, kila mzunguko ukija na mabadiliko yake. Baadaye mtaalamu wa muziki, David Rycroft, aliandika uchambuzi mrefu wa upigaji wake noti kwa noti, na hadi leo wapiga gitaa katika mabara mengi hujifunza wimbo huo.

Masengo, aliyezaliwa mwaka 1933, alitokea upande wa jukwaa. Alikuwa na Jecoke, kundi la vijana wa Elisabethville lililochanganya vichekesho, kucheza na kuimba. Mwenda alikuwa fundi wa vidole, naye Masengo alijua kushika watazamaji. Sifa hizo mbili zilikuja kuhitajika sana mbali na nyumbani, katika mji ambao ulikuwa unajifunza kutangaza bidhaa.

Nairobi, soda na vidonge

Katikati ya miaka ya 1950 Masengo alifika Nairobi. Aliyempa kazi ni Peter Colmore, mtayarishaji wa burudani na matangazo aliyekuwa na kampuni ya High Fidelity Productions. Colmore alielewa jambo ambalo kila mwenye duka analijua: mteja huamini sauti anayoipenda. Masengo aliimba na kutumbuiza huku akiitangaza Coca-Cola. Mwaka 1959 Mwenda naye akaja, na jukumu lake lilikuwa kutangaza vidonge vya Aspro.

Mwenda alipata kipindi cha mara kwa mara redioni, na kupitia hewani vidole vyake vikafika majumbani mwa watu ambao hawakuwahi kumwona. Kizazi kizima cha wapiga gitaa wa Kenya kilimsikiliza na kumwiga. Ala ilikuwa moja na mwimbaji mmoja au wawili, wala haikuhitajika bendi kubwa. Maneno yalikuwa ya Kiswahili, yenye lafudhi ya mbali kidogo, lakini yalieleweka Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam.

Hapa ndipo mfanyabiashara wa leo anaweza kuona kitu chake. Leo serikali hukaa mezani kuzungumza juu ya soko la pamoja. Congo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Zambia haimo katika jumuiya hiyo, ila inakutana na Congo ndani ya COMESA na SADC, na SADC ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2019. Miaka 60 kabla ya hapo, vijana wawili wa Katanga walikuwa tayari wanauza soda na dawa ya maumivu ya kichwa kwa Kiswahili, katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza, wao wakitoka katika nchi iliyotawaliwa na Wabelgiji.

Wakati Mwenda akiwa Nairobi, nyumbani mambo yalibadilika. Congo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na siku 11 baadaye Katanga ikatangaza kujitenga. Vita vilivyofuata vilidumu hadi Januari 1963. Kwa watu wa Mantapala hili halihitaji maelezo. Wanajua ilivyo kuwa upande mmoja wa mpaka huku habari za nyumbani zikija vipande vipande.

Kuzirudia nyimbo za ujana

Mwenda alirudi Katanga, na mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport nchini Marekani. Lakini ladha ya mjini ilikuwa imehama. Magitaa ya umeme na bendi za Kinshasa ndivyo vilivyojaza kumbi na redio, na gitaa kavu la mtu mmoja likaanza kuonekana kitu cha wazee.

Mwaka 1979 mpiga gitaa Mwingereza, John Low, alisafiri hadi Katanga, wakati huo ikiitwa Shaba, kutafuta mitindo na nyimbo za miaka ya 1950 na 1960. Aliwakuta mafundi wenyewe wakiwa hai: Mwenda, Masengo, na mwenzao Losta Abelo. Alijifunza kutoka kwao na kuandika kitabu cha safari hiyo, kilichotoka mwaka 1982. Mwenda na Masengo walikuwa wanakaribia miaka 50. Walichoulizwa ni kile walichokifanya wakiwa vijana: wimbo huu ulianzaje, kidole hiki kinashuka wapi.

Mwaka huohuo wa 1982 Mwenda alirekodiwa Ujerumani, na mwishoni mwa muongo huo akaingia studio Cape Town. Katika rekodi hizo za utu uzima zimo nyimbo zake za zamani, zikipigwa upya na mtu ambaye ameishi nazo zaidi ya miaka 30. Anayeweka rekodi ya 1952 karibu na hizi anasikia mikono ileile, na sauti iliyozeeka.

Mwenda alifariki Septemba 1990 kwa ajali ya gari, katika ardhi ya Zambia. Mtoto wa njia ya misafara alikutwa na mauti ng’ambo ya mpaka, barabarani, kama wafanyavyo wengi wanaoishi kwa kusafiri. Masengo alibaki miaka 13 zaidi, hadi alipofariki mwaka 2003.

Mali bila daftari

Kilichowaokoa wawili hawa wasisahaulike ni kwamba kazi yao ya mwanzo iliandikwa: jina, mji, mwaka, sauti yenyewe. Tracey alikuwa na mashine yake Jadotville, Colmore alikuwa na kampuni yake Nairobi, na Low alikuwa na daftari. Wote watatu walikuwa wageni. Wapo wapiga gitaa wengine wa migodini ambao hakuna aliyepita na mashine mlangoni kwao, na leo hata majina yao hayatajwi.

Watoto waliofika Mantapala mwaka 2018 wakishikwa mkono sasa ni vijana. Kama miongoni mwao wapo marafiki wawili wenye gitaa moja, mashine ya kurekodi si tatizo tena, kwa kuwa imo ndani ya simu. Kinachopotea ni maelezo yake. Wimbo hurushwa kutoka simu hadi simu, ukavuka ziwa, ukafika Pweto au Lusaka bila jina la aliyeutunga, na siku simu inapoharibika unakwisha.

Wafanyabiashara wana methali yao: mali bila daftari hupotea bila habari. Anayenunua dagaa kwenye fukwe za Nchelenge huandika idadi ya magunia, jina la muuzaji na tarehe, kwa sababu anajua kesho kutakuwa na mabishano. Wimbo unaopigwa ndani ya gari linalobeba magunia hayo nao una mwenyewe. Jina lake na mwaka havijazi hata mstari mmoja wa daftari.