Kabla ya Kuilaumu Pampu, Tazama Viungio

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho wengi wetu hukinunua mwisho kabisa, kwa chenji iliyobaki baada ya kulipia pampu. Kitu chenyewe ni kiungio cha mpira wa maji, yaani kile kipande cha chuma au plastiki kinachounga mpira na pampu, au mpira na mpira mwenzake.

Chukua mfano wa Nyamwaga, wilayani Tarime, jirani na Nyamongo ulipo mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Katika vijiji kama hivyo pampu ndogo ya petroli ina kazi nyingi. Mkulima anamwagilia mboga, fundi anavuta maji ya kujengea, mchimbaji mdogo anakausha shimo. Pampu ikigoma kuvuta, wote hao husema jambo moja: ni feki. Na wewe uliyeko Mwanza au Dar es Salaam ndiye unayepigiwa simu ukatafute nyingine. Mimi nasema, kabla hujafungua pochi, uliza kwanza habari za viungio.

Tuanze na pampu yenyewe. Kwa kweli pampu haivuti maji. Inaondoa hewa ndani ya mpira, na uzito wa hewa iliyo nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Mafundi wa Italia waliligundua jambo hili kwa taabu: pampu zao zilishindwa kunyanyua maji zaidi ya meta 10 hivi, na mwaka 1643 Evangelista Torricelli akaonyesha kwamba sababu ni uzito wa hewa. Kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari hewa inapungua uzito. Kwenye miinuko ya Tarime, palipo na kimo cha kama meta 1,500, zile meta 10 zinabaki kama 8 na nusu, nazo ni za hesabu tu. Katika kazi halisi, ukifika meta 6 umekaribia mwisho.

Hapo ndipo kiungio kinapoleta balaa. Mpira wa kusukuma ukivuja, utaona, kwa sababu maji yanatoka nje. Mpira wa kunyonya ukivuja huoni kitu, kwa sababu hewa ndiyo inayoingia ndani. Injini inanguruma, petroli inaisha, maji hayaji. Dawa yake ni rahisi. Jaza maji mpira wa kunyonya kabla ya kuwasha injini, kisha utazame viungio kimoja kimoja. Panapodondoka tone, ndipo hewa itakapopenya.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Kwanza ni uzi wa kufungia. Nyuzi nyingi za mabomba yetu ni za kipimo cha Kiingereza, lakini vifaa vingine vinakuja na uzi wa Kimarekani. Kwa nusu inchi na robo tatu, zote mbili zina nyuzi 14 kwa kila inchi, kwa hiyo zinaingiana mizunguko kadhaa na kumdanganya mtu. Hata hivyo pembe ya uzi ni tofauti, na kiungio kitavuja hata ukikaza mpaka kipasuke. Tena usipime uzi kwa rula. Uzi unaoitwa wa inchi moja una kipenyo cha nje cha kama milimita 33, wakati inchi yenyewe ni milimita 25 tu. Njia ya hakika ni kwenda dukani na kipande cha zamani mkononi.

Pili ni kuziba. Uzi uliochongoka kuelekea mwisho huzibwa kwa tepu au katani. Uzi ulionyooka huzibwa na washa ya mpira inayokaa ndani, na tepu hata uizungushe mara ishirini haitasaidia. Washa hiyo ni ya bei ndogo sana, na kila mara ndiyo inayopotea.

Tatu ni upana. Pampu ikiwa na mdomo wa inchi mbili, usiupunguze upande wa kunyonya hadi inchi moja kwa kuwa mpira huo ndio uliokuwapo nyumbani. Kipenyo kikiwa nusu, njia ya maji inabaki robo.

Nne ni kukaza. Waya na vipande vya tyubu ya baiskeli tuviache. Mpira wa inchi mbili unaopandisha maji meta 30 unasukuma kiungio kwa nguvu ya kama kilo 60, sawa na mtu mzima aliyening'inia hapo. Weka klipu za chuma, mbili kwa kila ncha.

Sheria hizi hazibagui mji na kijiji. Kampuni ya IBM ilipoza kompyuta zake kubwa kwa maji tangu miaka ya 1960, na leo wapo vijana wa mjini wanaopoza kompyuta za nyumbani kwa pampu na rejeta iliyowekwa nje ya boksi. Viungio vyao ni vya robo inchi, uzi wa Kiingereza ulionyooka, navyo huzibwa kwa pete ya mpira. Wanaotaka kutenganisha mipira mara kwa mara hununua vile vyenye valvu pande zote mbili, vinavyojifunga vyenyewe tone lisiangukie umeme. Nao huonywa wasichanganye aluminiamu na shaba katika maji yale yale, kwa sababu aluminiamu italiwa. Mwenye pampu ya aluminiamu anayeifungia kiungio cha shaba aukumbuke onyo hilo.

Mwisho ni jambo la uhai. Shimo likizidi zile meta 6, kiungio bora hakitapandisha maji, na hapo mtu hushawishika kuiteremsha pampu ya petroli shimoni. Asithubutu! Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu kabla hajajua anaumwa. Anayeshuka kumwokoa mwenzake hufa naye. Shimo refu linataka pampu ya umeme ya kuzamishwa majini, iliyofungwa na fundi anayejua kazi yake, na watu wakiwa nje.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Safari hii ufa ni tundu la washa, na ukuta ni bei ya pampu mpya. Ukipigiwa simu kutoka nyumbani, uliza kwanza kina cha maji, aina ya uzi, na kama washa ipo.